Safu ya Katikati

Wiki tatu zilizopita, Jumamosi asubuhi, nilikuwa nimesimama jikoni nikipiga pasi sare yangu ya kwaya wakati ujumbe ulipoingia kwenye simu. Ulitoka kwa Mercy, yule msichana mchangamfu ambaye ndiye katibu wetu wa kwaya siku hizi. Alikuwa ameandika kwa adabu nyingi, hata nikajua kwamba alifuta na kuandika upya mara kadhaa: "Mama, habari ya asubuhi. Tunatengeneza orodha mpya ya wanakwaya. Kwa vile hatujakuona tangu tumzike mzee, tunauliza kama tukuache kwenye orodha ama tukuondoe. Hakuna ubaya wowote, mama." Niliusoma mara mbili, nikailaza simu kifudifudi mezani, nikaendelea na kola. Mume wangu alikuwa amefariki miezi saba kabla ya siku hiyo. Tangu tumzike sijaimba hata ubeti mmoja, wala sijakanyaga chumba cha mazoezi. Swali la Mercy lilikuwa la haki, kwa sababu kiti kikikaa kitupu miezi saba katika sauti ya pili, kuna mwingine anayekihitaji. Lakini papo hapo nilishangaa, nikajiuliza: kama nimeacha kwaya, hii sare ninaipigia nani pasi?

Jambo la pili lililonitatiza lilitokea siku ya mazishi yenyewe. Katika umati ule alikuja mwanamke mmoja mzee kutoka Matungu, Mama Aziza, ambaye sikuwa nimemwona kwa miaka mingi. Alikaa kando yangu karibu saa nzima, mkono wake juu ya wangu. Alipoinuka kwenda, aliniinamia akasema, "Mafuta usisahau, karani wangu." Nilidhani ni uzee. Nilimwitikia tu, kama unavyomwitikia mtu anayesema kitu kisichoeleweka mbele za watu. Lakini ule ujumbe wa Mercy ulipoingia, maneno hayo yalirudi, na pamoja nayo ukarudi mwaka mzima wa ujana wangu, mwaka nilioanza kazi ya ukarani hapa Kakamega. Habari za kwetu, nani alimzaa nani na nani alisomea wapi, naziacha. Nataka kusema juu ya mwaka ule, na juu ya neno moja la Kiingereza ambalo nililikwepa nusu ya mwaka huo.

Ofisi yetu ilikuwa vyumba viwili vilivyogawanywa kwa ubao mwembamba. Chumba cha ndani kilikuwa cha bosi, Bwana Makokha. Changu kilikuwa cha nje, chenye meza moja, kabati la chuma lisilofunga vizuri, na birika ya chai iliyokaa juu ya mafaili. Kazi ilikuwa kuzunguka vijijini kuangalia vikundi vya akina mama, na kuvijaza kwenye rejista. Niliajiriwa kwa ajili ya mwandiko wangu, hilo Bwana Makokha hakunificha. "Kichwa tutaona baadaye," aliniambia siku ya kwanza, "lakini mkono unao." Nilikuwa kwenye majaribio ya miezi sita. Rejista ilikuwa kitabu kikubwa chenye jalada gumu, na kila ukurasa ulikuwa na safu tatu zilizoandikwa kwa Kiingereza. Ya kwanza iliandikwa ACTIVE, yaani kikundi kinafanya kazi. Ya tatu iliandikwa DISSOLVED, yaani kimevunjika, kimekwisha. Ya katikati iliandikwa DORMANT. Kazi yangu ilikuwa kuweka tiki moja tu, kwa wino, na bosi alikuwa na sheria moja ambayo hakuchoka kuirudia: katika rejista hakuna kukatakata.

Sasa, mimi ni mdadisi tangu zamani. Naweza kumsimamisha muuza sufuria nimuulize zimetengenezewa wapi. Lakini siku zile udadisi wangu ulikuwa na aibu upande wa Kiingereza, kwa kuwa niliogopa bosi akigundua kuna neno sijui atasema ule mkono hautoshi. Kwa hiyo niliuliza kwa kuiba. Nilimuuliza Beatrice, tuliyekuwa tukikaa naye chumba kimoja mtaa wa Amalemba, naye alikuwa mpiga chapa katika ofisi nyingine. Alikuwa anakoroga mboga ya mrenda, hakugeuka hata kidogo. "Dormant? Hiyo ni ya jiografia. Ni mlima wa moto." Nikakumbuka. Kweli, tulikariri shuleni: kuna mlima unaolipuka, kuna uliokufa, na kuna huu wa katikati ambao mwalimu alisema haulipuki lakini msiende kujenga karibu nao. Nilicheka kwa raha kwamba nimelijua neno, kisha nikalala macho wazi. Ndiyo, ni mlima. Lakini kikundi cha akina mama wanaofuga kuku huko Musanda kinawezaje kuwa mlima? Nikaamua kwamba safu ile iliwekwa na watu wa Nairobi kwa sababu zao. Kuanzia hapo kila kikundi nilichokiona kilikuwa kizima au kimekufa. Safu ya katikati niliiacha nyeupe ukurasa baada ya ukurasa, na Bwana Makokha akazipitia kurasa zangu akasema, "Safi. Unajua kuamua."

Hivyo ndivyo nilivyofika Matungu mwezi wa tano. Nilikuwa natafuta kikundi cha akina mama washonaji, Waislamu karibu wote, waliopewa chumba kimoja pale sokoni wakaweka cherehani zao sita. Chumba hicho kilikuwa cha umma. Kikundi kikivunjika, chumba hurudi na kupewa wengine, na cherehani huondolewa. Nilikuta mlango umefungwa kwa kufuli kubwa, na utando wa buibui umetanda kutoka kwenye kufuli hadi kwenye fremu. Jirani alikuwa mchinjaji, mtu mnene mwenye maneno mengi, nikamuuliza. "Hao wamama walikuwanga wanashona hapa kila siku," alisema huku akifuta kisu. "Sasa ni mwezi wa tatu hakuna mtu anakujanga." Nikauliza mwenyekiti wao yuko wapi. "Mama Aziza? Yuko kwake. Hatokangi." Nikauliza atatoka lini. "Huyo? Si leo, si mwezi huu." Alisema hivyo bila kunieleza zaidi, kwa vile kwake yeye hakukuwa na cha kueleza, kila mtu wa Matungu alijua. Mimi nilisikia kikundi kilichogombana, mwenyekiti aliyejifungia kwa hasira, na buibui aliyemaliza kazi. Jua lilikuwa kali na nilikuwa bado na vikundi viwili. Nikafungua rejista juu ya goti langu, nikaweka tiki kwenye safu ya tatu, kwa wino, kwa mkono wangu mzuri.

Mwezi wa saba nikatumwa Isecheno, pembeni mwa msitu, kuangalia akina mama wa kitalu cha miche. Siku moja kabla, nikiwa napanga mafaili, nilisikia kupitia ule ubao mgeni wa Bwana Makokha akisema, "Kwa hivyo Jumatatu tunavunja hiyo kufuli ya Matungu, tunaingiza vitu zetu." Na bosi akajibu, "Kikundi kimekufa, iko kwa rejista. Jumatatu ni sawa." Sikushtuka. Nakumbuka hata nilijisikia vizuri, kwamba karatasi yangu inafungua milango ya watu.

Kitalu cha Isecheno kilikuwa kibanda kilichoezekwa nyasi, kimepoa, kinanuka udongo uliolowa. Mtunzaji wake aliitwa Ayuma, mwanamke wa umri wa dada yangu mkubwa, mwenye utani na mikono myeusi kwa udongo. Rafuni kulikuwa na makopo ya mbegu yaliyobandikwa karatasi na watu wa utafiti, na katika makopo mawili niliona lile neno langu, DORMANT, kwa herufi kubwa. Hapakuwa na bosi wala mlima karibu, nikauliza waziwazi. "Mama, hii inamaanisha nini?"

"Wewe ndiyo karani, unaniuliza mimi?" Ayuma alicheka. Akamimina mbegu chache kwenye kiganja changu, ngumu, kavu, za rangi ya kahawia. "Hii nilipanda mwezi wa kwanza. Haijaota. Sasa iko aje, imekufa?"

"Imekufa," nikasema. Nilikuwa najua kuamua.

Akachukua wembe kwenye ukingo wa dirisha, akaikata mbegu moja katikati. Ndani ilikuwa nyeupe, yenye unyevu, safi kama nazi. Akachukua nyingine kutoka kopo la kutupwa, iliyofanana nayo kabisa, akaikata. Ndani ilikuwa nyeusi, unga mtupu. "Umeona? Kwa nje ni sawasawa. Hii imeoza. Hii ingine imerara tu," akimaanisha imelala, kwa ile r ya kwetu. "Inangojea kitu yake. Ingine inangoja mvua, ingine inangoja maji moto, ingine inangoja tu siku zake ziishe. Lakini huwezi jua kama hujaikata uangalie ndani. Mtu anaangalianga nje, anatupa mbegu mzima."

Ningeweza kusema kwamba nilifurahi kulielewa neno. Kwa dakika moja nilifurahi kweli. Nilimwomba anikatie nyingine, na nyingine, nikauliza hujuaje ipi inangoja nini, na kama mbegu inaweza kungoja miaka, na kama hungoja hadi ikachoka. Alinijibu yote kwa subira. Kisha nilikumbuka utando wa buibui kwenye kufuli, na sikuuliza tena. Kule Matungu sikukata chochote. Niliangalia mlango, nikamuuliza mchinjaji. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Ijumaa asubuhi nilikuwa Matungu bila ruhusa ya mtu. Nilielekezwa kwa Mama Aziza, nyumba ya mabati yenye ua uliofagiliwa, nikapiga hodi. Binti yake, Aziza mwenyewe, alinifungulia akanipeleka chumba cha ndani. Dirisha lilikuwa na pazia, mkeka ulikuwa chini, na mwanamke wa makamo alikuwa ameketi juu yake katika nguo isiyo na rangi wala ushanga. Wanawake wengine watatu walikuwa wameketi naye. Nilisalimu, "Asalaam aleikum," kama nilivyofundishwa Mumias, na wakaniitikia kwa furaha ambayo sikustahili. Niliwaambia mimi ni nani. Nilimuuliza Mama Aziza ni lini ataanza kutoka.

"Niko eda, mwanangu," alisema. "Mzee wangu alifariki. Mjane anakaa miezi minne na siku kumi. Zimebaki wiki mbili."

"Na kikundi?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mtoto wake. "Kikundi kiko. Hawa si ndio hawa?"

Mmoja wa wale watatu, mwanamke mwembamba anayeitwa Mwanaisha, akaeleza kwamba walikubaliana hakuna atakayeshona kwa biashara wakati mwenyekiti wao ameketi kwenye mkeka. Wangewezaje kupiga kelele za cherehani sokoni na yeye amefiwa? Kwa hiyo walikuja kukaa naye kila siku kwa zamu. "Lakini kila Ijumaa," alisema, "mimi naingianga pale kwa mlango wa nyuma napaka mashini mafuta. Zote sita. Naziendesha kidogo bila uzi. Zikikaa bure zinashika kutu." Akanionyesha vidole vyake. Vilikuwa na weusi wa mafuta kwenye kucha, maana ilikuwa Ijumaa na alikuwa ametoka huko asubuhi ile.

Nilisikia aibu ambayo hata leo, nikiandika, inanipata. Waliniletea chai ya tangawizi na mandazi, nikanywa bila kuwaambia kwamba mimi ndiye niliyewaua kwa wino, wala kwamba Jumatatu kufuli lao lingevunjwa na vitu vyao kutupwa nje, na mwanamke huyu hangetoka hata kusimama mlangoni mwake kuvitetea. Nilimwangalia akimpa Mwanaisha sukari, taratibu, kama mtu mwenye wakati wote wa dunia. Hakujua kwamba alikuwa na siku tatu tu.

Jumamosi ofisi ilikuwa imefungwa, hivyo nilimfuata Bwana Makokha nyumbani kwake. Nilifika wakati mbaya, yaani wakati wa chakula. Mke wake alikuwa ameweka obusuma, ugali wetu, mezani na ingokho, kuku aliyepikwa na mchuzi mzito, na katika nyumba ile hakuna mgeni aliyezungumza kabla hajala. "Kwanza kula," bosi alisema. "Habari haikimbii." Nilinawa mikono. Alinipa paja la kuku, heshima kubwa, na nililitafuna kama mtu anayekula ushahidi wake mwenyewe. Mke wake akasema binti huyu hali vizuri, akaniongeza. Nilipomaliza, na maji ya kunawa hayajaletwa, nilisema yote kwa pumzi moja: kufuli, mchinjaji, eda, mafuta, tiki. Nikamalizia na lile nililoliogopa zaidi. "Bwana Makokha, lile neno la safu ya katikati sikujua maana yake. Niliona aibu kuuliza."

Bosi aliisukuma sahani yake kando. Mke wake alitoka na sahani. Nilijua majaribio yangu yameisha na nikaanza kufikiria nitamwambia nini Beatrice kuhusu kodi ya chumba. Lakini alichosema bosi ni, "Jumatatu fika saa moja."

Jumatatu saa moja alikuwa amefika kabla yangu. Alikuwa amezitoa rejista zote kwenye kabati, za miaka ya nyuma, na kuzifungua mezani moja kando ya nyingine. "Angalia," alisema. Niliangalia. Mwandiko wa kila karani ulikuwa tofauti, mwingine mnene, mwingine umelala, mwingine wenye mikia mirefu. Safu ya kwanza imejaa. Safu ya tatu imejaa. Ya katikati ilikuwa nyeupe katika kila kitabu, mwaka hadi mwaka. Aliweka kidole kwenye ule mwandiko wenye mikia. "Huu ni wangu," alisema. "Nilikuwa karani hapa miaka minne kabla ya kupandishwa. Mimi pia nilidhani ni mambo ya milima." Hakucheka, na mimi sikuthubutu. Kisha akanisogezea kalamu, akaivunja sheria yake mwenyewe: nikakata ile tiki, nikaweka nyingine katikati, naye akatia sahihi kando. Akachukua simu ya mezani akamwambia yule mgeni wake kwamba kufuli la Matungu lisiguswe. Yule mtu alipiga kelele nikazisikia kutoka nilipokuwa. Bwana Makokha alimngoja amalize. "Hawajafa," akamwambia. "Karani wangu amefika mpaka ndani."

Alinipa miezi iliyobaki ya mwaka ule kuvizungukia upya vikundi vyote nilivyoviweka safu ya tatu. Vingi vilikuwa vimekufa kweli, na hilo pia nilijifunza kulisema bila kupepesa macho. Vichache vilikuwa vinangoja: kimoja kilingoja miwa ivunwe, kingine kilingoja katibu wake ajifungue. Na kimoja, huko Kabras, nilichelewa. Kipande chao cha ardhi kilikuwa kimeshapewa wengine kwa sababu ya tiki yangu ya mwezi wa pili. Mwanamke niliyemkuta alikuwa analimia mtu mwingine kwa kibarua. Hakunilaumu. Aliingia ndani akatoka na muhuri wa kikundi, ameufunga kwa kitambaa safi, na kidau cha wino ambacho alikuwa akikiongeza maji kidogo kisikauke. "Nilikuwanga nautunza," alisema. Sijawahi kumsamehe yule msichana mwenye mwandiko mzuri niliyekuwa kwa muhuri ule.

Mama Aziza alipomaliza eda alinialika. Nilisimama mlangoni mwa kile chumba cha soko wakati Mwanaisha alipoutoa ule utando kwa ufagio, na cherehani sita zikaanza kwa pamoja, bila hata moja kukwama. Mama Aziza alikuwa ameshaambiwa yote, maana Matungu hakuna siri. Alinipima mabega kwa utepe wake ili anishonee gauni, akaniita "karani wangu" kwa mara ya kwanza, akasema, "Ulirudi. Wengi hawarudingi."

Hayo yote yalipita kichwani mwangu wiki hizi tatu, wakati simu ikiwa kifudifudi na Mercy akingoja. Nilijaribu kujitazama kwa nje kama karani wa Matungu, nikaona nyumba iliyofungwa mapazia, mwanamke asiyeimba, miezi saba. Ningejiweka safu ya tatu bila kusita. Watoto wangu nadhani walikuwa wameshaniweka huko, ingawa hawasemi. Ndipo nikayaelewa maneno ya Mama Aziza siku ya mazishi, kwamba mafuta nisisahau, na nikakaa chini kwenye kiti cha jikoni nikalia, kilio kizuri, cha kwanza tangu mazishi ambacho hakikuniacha nimechoka. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kwa miezi saba, bila kumwambia mtu na bila kujiuliza sababu, nilikuwa nimeitoa ile sare kabatini, nikaipiga pasi, kola kwanza, kisha mikono, kisha marinda, nikairudisha.

Jana nilimpigia Mercy. Aliomba msamaha kabla sijasema neno. Nikamwambia asinifute, wala asiniandike pamoja na wanaokuja. Achore safu nyingine katikati. Nikamtajia neno, na kwa kuwa aliuliza linaandikwaje, nikamtajia herufi moja moja.

Nikasikia kalamu yake. "Nimeandika, mama. Lakini mpaka lini? Mwalimu wa kwaya ataniuliza."

"Sijui," nikamwambia. "Mwambie sare iko tayari."